Kwa Mamlaka Gani? Fundisho juu ya Enzi ya Masiya na Kazi Aliyotumwa



Mwezi huu nataka kuwaandikia juu ya neno moja nililoulizwa ufuoni mwa Ziwa Nyasa, nami siku ile sikulijibu kama ilivyompasa mchungaji. Nalikuwa nimeshuka kutoka huku kwetu Ruanda, katika nchi ya Mbinga, kwenda ziwani kwa maziko. Ndugu wawili walikuwa wametoka usiku kuvua usipa. Upepo wa kusini, ule ambao watu wa ziwa huuita mwera, ukawapata mbali na nchi kavu, na mtumbwi ukapinduka. Mmoja aliogelea akafika ufuoni. Mwenziwe alionekana siku ya tatu, naye amekwisha kufa. Wote wawili walikuwa wamebatizwa, tena wote wawili walikuwa wakiketi kanisani kila Jumapili.

Jioni watu walipokwisha kutawanyika, yule aliyepona alinijia, akaketi mchangani karibu nami, akasema, "Mchungaji, mwalimu alitusomea habari ya Yesu jinsi alivyoukemea upepo, ukatulia. Nami usiku ule nalimwita kwa jina lake, nikamwita hata sauti ikanikauka. Mbona hakuukemea?"

Nalimjibu kwamba njia za Mungu hazichunguziki. Neno lile ni kweli, walakini nililisema upesi mno, kama mtu afungaye mlango kwa kuwa hana chakula cha kumpa mgeni. Yeye aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Asante, Mchungaji," akaenda zake. Tangu siku ile neno lake halikuniacha. Basi fundisho hili ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa. Tena ni msaada kwa kila mwalimu atakayeulizwa neno kama hilo, maana hapana budi mtaulizwa.

I. Maana ya jina Masiya

Tuanze na jina lenyewe. Masiya ni neno la Kiebrania, na Kristo ni neno la Kiyunani. Yote mawili yana maana moja, yaani Mpakwa mafuta. Katika Agano la Kale watu wa namna tatu walipakwa mafuta. Wa kwanza ni makuhani, kama Haruni na wanawe (2 Musa 29). Wa pili ni wafalme, kama Daudi, aliyepakwa na Samweli mbele ya ndugu zake (1 Samweli 16). Wa tatu ni manabii, maana Eliya aliagizwa kumpaka Elisha awe nabii mahali pake (1 Wafalme 19). Mafuta hayakuwa dawa. Yalikuwa alama ya kuonyesha kwamba mtu huyu hakujitwalia kazi mwenyewe. Mungu amemchagua na kumtuma.

Lakini kila mmoja wa hao alipewa sehemu tu. Mfalme Uzia alipoingia hekaluni kufukiza uvumba kama kuhani, alipigwa ukoma (2 Mambo ya Siku 26). Kwa Bwana wetu Yesu Kristo kazi zote tatu zimekutana. Yeye ni Nabii, atuonyeshaye Baba. Yeye ni Kuhani, aliyejitoa mwenyewe kuwa sadaka. Yeye ni Mfalme, ambaye ufalme wake hauna mwisho. Mwalimu akitaka kuwafundisha wanafunzi wa ubatizo habari za Masiya, na ayashike maneno haya matatu, asiache hata moja. Akimfundisha Nabii tu, watu watamwona Yesu kuwa mwalimu mwema na basi. Akimfundisha Mfalme tu, watatafuta enzi na nguvu, na msalaba wataukwaza. Akimfundisha Kuhani tu, watasahau kwamba yeye aliyekufa ndiye anayewaamuru leo.

II. Nguvu ni kitu kimoja, mamlaka ni kitu kingine

Watu wengi huchanganya maneno haya mawili. Mwizi akija usiku na shoka, anayo nguvu ya kuuvunja mlango. Lakini mwenye nyumba anayo mamlaka ya kuufungua. Tarishi wa baraza aweza kuwa mtu dhaifu, mwembamba, mwenye viatu vilivyochakaa. Walakini akiitoa barua yenye mhuri, hata mtu mwenye nguvu huinuka akaenda. Nguvu huuliza, "Naweza nini?" Mamlaka huuliza, "Nimetumwa na nani?"

Kwa hiyo wakuu wa makuhani walipomkuta Yesu akifundisha hekaluni, swali lao halikuwa baya. Walimwuliza afanya mambo hayo kwa mamlaka gani, tena ni nani aliyempa (Mateo 21:23). Ubaya wao ulikuwa kwamba hawakutaka kulisikia jibu. Sisi na tuulize vilevile, lakini kwa moyo wa kutaka kujua.

Angalieni habari ya Kapernaumu (Marko 2:1-12). Watu wanne wamemchukua mwenzao aliyepooza. Hawapati njia, wakatoboa dari, wakamshusha. Watu wote wanangoja kuona miguu ikiponywa. Yesu aanza pengine. Amwambia kwamba dhambi zake zimeondolewa. Waandishi wakaguna mioyoni mwao, kwa kuwa hapana awezaye kusamehe dhambi ila Mungu peke yake. Nao walisema kweli! Mtu akimkosa jirani yangu, mimi siwezi kusema, "Nimekusamehe," maana si mimi niliyekosewa. Ni yeye tu aliyekosewa awezaye kusamehe. Basi Yesu anaposamehe dhambi za mtu ambaye hakumwibia wala hakumtukana, anasema kwamba dhambi hizo zote zimetendwa juu yake. Hapo hatuna njia ya katikati: ama anakufuru, ama yeye ni Mungu aliyekosewa. Ndipo akamwambia mgonjwa ainuke, naye akainuka, ili watu wajue kwamba Mwana wa Adamu anayo mamlaka duniani ya kusamehe dhambi.

Jina hilo, Mwana wa Adamu, si jina la unyonge tu. Nabii Danieli aliona mmoja mfano wa mwana wa mtu akija na mawingu, akapewa enzi na ufalme usioharibika (Danieli 7:13-14). Yesu alilitwaa jina hilo, akalichukua mpaka baraza la kuhani mkuu, nako wakamhukumu kufa kwa ajili yake.

III. Katika mashua

Sasa twaja kwa neno lile la mvuvi (Marko 4:35-41). Bahari ya Galilaya ni ziwa, tena ziwa dogo. Urefu wake ni kilomita 21 hivi na upana kilomita 13 hivi. Nyasa yetu yapita kilomita 560 kwa urefu, na kina chake hufika mita 700 hivi. Lakini mtu wa ziwa asilidharau lile dogo. Liko chini sana, mita 200 na zaidi chini ya usawa wa bahari kuu, nalo limezungukwa na vilima. Upepo wa baridi ukishuka kutoka juu, maji huchafuka kwa ghafula. Mwaka 1986, wakati wa ukame, maji yalipopungua, ilionekana matopeni mashua ya kale ya zamani zile za Bwana wetu, urefu wake mita 8 hivi. Basi twaweza kuwaza jinsi walivyosongamana, wanafunzi kumi na wawili na Mwalimu wao, katika chombo kama kile.

Yesu amelala nyuma ya mashua, kichwa chake juu ya mto. Huyo ni mtu kweli, amechoka kama tuchokavyo sisi. Wakamwamsha wakilia kwamba hawajali, nao wanaangamia. Akaondoka, akaukemea upepo, akaiambia bahari inyamaze. Huyo ni Mungu kweli. Angalieni, hakuomba. Musa alipoigawanya bahari, aliinua fimbo kwa agizo la Mungu. Elisha alipoyapiga maji ya Yordani, alimwita Mungu wa Eliya. Yona hakuweza kuituliza tufani ila kwa kutupwa majini. Lakini Yesu hakuinua fimbo, wala hakumwita mwingine. Alisema mwenyewe, na maji yakamtambua. Waisraeli walikuwa wakiimba tangu zamani kwamba ni Bwana tu atulizaye uvumi wa mawimbi (Zaburi 89 na 107). Kwa hiyo wanafunzi waliogopa zaidi baada ya tufani kuliko wakati wa tufani, wakaulizana, ni nani huyu? Swali hilo ndilo shabaha ya habari yote. Marko hakuiandika ili tujue namna ya kuzuia upepo, bali tujue ni nani aliye pamoja nasi katika mashua.

IV. Mamlaka iliyotumwa, na kazi yake

Yuko mtu mmoja aliyeyafahamu mambo haya kuliko wengi, naye alikuwa askari wa Kirumi, mkubwa wa mia (Mateo 8:5-13). Alisema kwamba yeye mwenyewe yu chini ya mamlaka, na kwa sababu hiyo askari wake humtii. Fikirini neno hilo. Hakusema, "Naamuru kwa kuwa nina upanga." Amri yake ina uzito kwa kuwa nyuma yake yuko Kaisari. Akaona kwamba Yesu ni vivyo hivyo: maneno yake yana uzito kwa kuwa yeye na Baba yake ni wa shauri moja. Injili ya Yohana yatuambia ya kwamba Mwana hatendi neno kwa nafsi yake tu, ila lile amwonalo Baba akilitenda (Yohana 5:19). Hilo silo kupungukiwa na Uungu. Mwana aliye mmoja na Baba hana haja ya kushindana naye.

Basi alitumwa kufanya nini? Katika sinagogi la Nazareti alifungua chuo cha Isaya, akasoma habari ya mpakwa mafuta atumwaye kuwaletea maskini habari njema, na vipofu kuona, na waliosetwa kuwekwa huru. Akasema neno hilo limetimia siku ile ile (Luka 4:16-21). Baadaye alisema wazi zaidi: Mwana wa Adamu hakuja kutumikiwa, bali kutumika, na kuutoa uhai wake kuwa ukombozi wa watu wengi (Marko 10:45). Petro alipomkiri kuwa Masiya, alikiri vema. Lakini aliposikia habari ya mateso, akaanza kumkemea Bwana wake, naye akakemewa kwa neno kali kuliko alilokemewa upepo (Marko 8:29-33). Petro alitaka Masiya mwenye enzi asiye na msalaba. Shetani naye alikuwa amekwisha kumtolea Yesu kitu hicho hicho jangwani: falme zote, bila kufa.

Hapa ndipo siri ya fundisho letu. Mamlaka kubwa kuliko zote aliyoitaja Bwana wetu ni hii, kwamba anayo mamlaka ya kuutoa uhai wake, na mamlaka ya kuutwaa tena (Yohana 10:18). Mtu aliye na nguvu huutunza uhai wake. Masiya aliutoa, wala hakuna aliyemnyang'anya.

V. Wale walioahidi mambo mengine

Wayahudi waliona wengi wakijiinua. Gamalieli alimtaja Teuda na Yuda Mgalilaya, ambao wafuasi wao walitawanyika (Matendo 5:36-37). Miaka ya 132 hata 135 baada ya Kristo, Simoni aitwaye Bar Kokhba aliongoza vita juu ya Warumi, na wengine walimwita Masiya. Vita ile ikaisha kwa maangamizi makubwa ya Wayahudi.

Nasi katika nchi hizi tuna habari zetu wenyewe. Mwaka 1905, huko Ngarambe karibu na Rufiji, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji, nao wakaamini kwamba risasi za Wadachi zitageuka kuwa maji. Yeye alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka ule, walakini maji yalisafiri, na mwezi wa Septemba yalikuwa yamefika Ungoni. Hatuwalaumu wazee wetu kwa kuchoka na kodi, na kiboko, na kazi ya kulazimishwa ya pamba. Uchungu wao ulikuwa wa haki. Lakini ahadi ile haikuwa ya kweli. Siku ya 27 Februari 1906 wakuu wengi wa Wangoni walinyongwa Songea, na Nkosi Mputa Gama alikuwa mmojawapo. Nyuma yake ikaja njaa, maana mashamba na ghala zilichomwa. Wadachi wenyewe walihesabu watu 75,000 waliokufa katika nchi zote za vita ile, na wenye kuchunguza habari baadaye wanadhani walipita sana hesabu hiyo.

Hata ng'ambo ya ziwa letu jambo kama hili lilitokea kwa namna nyingine. Miaka ya 1908 na 1909, Elliot Kamwana alihubiri kwa Watonga karibu na Bandawe kwamba mwezi wa Oktoba mwaka 1914 Kristo atakuja, na utawala wa kodi utakoma. Watu maelfu walibatizwa naye. Mwezi wa Oktoba ulifika, na Kristo hakuonekana. Ilikuwako vita ya Wazungu, nayo iliwachukua vijana wengi kuwa wapagazi.

Tusiseme kwamba hayo ni ya zamani tu. Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu wa Kanisa letu wenyewe, kwa shilingi 500. Alisema ameagizwa na Mungu katika ndoto. Wengine walifia njiani, na wengine waliacha dawa za hospitali wakidhani wamepona. Siandiki haya ili kumhukumu mtu aliyekwisha kufa. Bwana ndiye amjuaye. Naandika ili tuone njaa iliyomo mioyoni mwetu. Twataka Masiya tuwezaye kumnywa, au kumpaka mwilini, au kumtia katika chupa, ili risasi isitupate, na upepo usitupige, na ugonjwa usitukaribie. Twataka nguvu, tumesahau kuuliza mamlaka.

VI. Kazi tuliyopewa sisi

Bwana alipofufuka aliwaambia wanafunzi wake mlimani kwamba amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani. Ndipo akawatuma (Mateo 28:18-20). Shikeni utaratibu huo: mamlaka yote ni yake, na kwenda ni kwetu. Hakusema, "Nawagawieni mamlaka yangu, kila mtu afanye apendavyo." Alitupa kazi zinazojulikana: kufanya wanafunzi, kubatiza, kufundisha, tena aliwapa mitume kuwaondolea watu dhambi kwa jina lake (Yohana 20:23). Mwalimu anapomwambia mtu atubuye kwamba amesamehewa kwa ajili ya Yesu Kristo, neno lile si maneno ya kufariji tu. Lina mhuri wa Mfalme. Nami huona kwamba tunalitumia kwa haya, kana kwamba ni kitu kidogo, na huku twatamani miujiza.

Lakini yako mambo ambayo hatukupewa. Hatukupewa kutaja siku wala saa (Matendo 1:7). Hatukupewa kuuza, Simoni mchawi alitoa fedha ili apate karama, akakemewa (Matendo 8). Hatukupewa kulitumia jina la Yesu kama hirizi. Wana wa Skewa walijaribu, wakakimbia uchi, nao wamejeruhiwa (Matendo 19). Wala hatukupewa kumwahidia mgonjwa neno ambalo Bwana hakulisema. Tumwombee, tumtembelee, tumchukue mpaka hospitali. Hayo yote ni utumishi wa Masiya.

Wazee wa Liuli husimulia habari moja inayofaa hapa. Mwaka 1914, vita ilipoanza Ulaya, meli ya Wadachi iliyoitwa Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa ufuoni ili itengenezwe, mahali pale palipoitwa zamani Sphinxhafen. Mwezi wa Agosti ikaja meli ya Waingereza, Gwendolen, ikapiga mzinga. Nahodha wa Kidachi akaja kwa chombo kidogo, amekasirika, akitaka kujua sababu ya rafiki yake kufanya mchezo wa namna hiyo. Hakuwa na habari kwamba mataifa yao yako vitani. Mambo yalikwisha kubadilika mbali, ila ufuo ulikuwa haujasikia.

Ndivyo ilivyo kwa watu wengi. Kristo amekwisha kufufuka, amekwisha kuketi mkono wa kuume wa Baba. Walakini wengine wangali wakiwatumikia mabwana wa zamani, wakiwaogopa wachawi na mizimu, kwa kuwa habari haijawafikia, au imewafikia masikioni tu. Tofauti ni hii: habari yetu haiji kwa mzinga. Mfalme wetu ametuma watu wasio na silaha, waseme kwamba amani imefanyika.

VII. Jibu kwa mvuvi

Sasa, ndugu yangu wa ziwani, narudi kwako.

Umeniuliza mbona hakuukemea upepo. Sijui shauri la Bwana juu ya usiku ule, wala sitajifanya kulijua. Lakini yako mambo manne niyajuayo, nayo ningalipaswa kukuambia pale mchangani.

La kwanza: Bwana hakutuahidi kwamba aaminiye hatazama. Mwezi wa Julai mwaka 1946 meli ya Vipya, meli mpya na kubwa, ilizama katika ziwa hili hili kwa tufani, na watu 145 wakafa. Hatuwezi kusema kwamba hakuna aliyemwita Mungu ndani yake. Katika Matendo mlango wa 12, Yakobo anauawa kwa upanga, na Petro anatolewa gerezani na malaika, katika habari ile ile. Kanisa liliwapenda wote wawili, na Bwana aliwapenda wote wawili. Kwa hiyo usidhani kwamba imani yako ilipungua, wala kwamba ndugu yako alikuwa na dhambi iliyofichwa. Mtu akikuambia hivyo, usimsikilize.

La pili: tufani ile ya Galilaya ilitulizwa iwe ishara. Wale waliokuwa katika mashua walikufa baadaye, kila mmoja kwa saa yake. Ishara yaonyesha mbele, kwenye siku ambayo Yohana aliiona, ambapo bahari haipo tena, wala mauti (Ufunuo 21).

La tatu: yeye uliyemwita si mtu asiyejua maji mengi. Alipokuwa msalabani, alilia kwa sauti kuu, na hakuna aliyemkemea adui kwa ajili yake. Yeye aliyewatulizia wengine mawimbi aliyaacha yampite juu yake mwenyewe. Alifanya hivyo apate kuingia mahali ambapo ndugu yako ameingia, na kupavunja kutoka ndani. Alikufa akawa hai ili awamiliki waliokufa na walio hai pia (Waroma 14:9). Basi ndugu yako hakuanguka nje ya mamlaka ya Masiya. Mwera unayo nguvu ya kuupindua mtumbwi. Haunayo mamlaka ya kumtoa mtu mkononi mwa Bwana aliyembatiza. Funguo za mauti hazikukabidhiwa upepo.

La nne ni neno la kazi. Kumwamini Masiya si kumjaribu. Yesu mwenyewe alikataa kujitupa kutoka juu ya hekalu. Paulo aliwaonya mabaharia wasisafiri wakati wa hatari (Matendo 27). Kwa hiyo, katika miezi ya mwera, toka Mei hata Agosti, mvuvi Mkristo na asikilize habari za hali ya hewa, na ayatazame mawingu, na asione haya kubaki nyumbani usiku mmoja. Na sisi wa usharika, tusimwachie mjane wa ndugu yako maneno matupu. Mfalme atatuuliza tulimtendea nini.

Nalikuambia kwamba njia za Mungu hazichunguziki. Ningaliongeza neno hili: uso wake tumekwisha kuuona, nao ni uso wa Yesu. Nikishuka tena ziwani, nitakuja nyumbani kwako, nasi tutausoma mlango huu pamoja, pole pole.

Maswali ya kuzungumza katika mitaa

1. Makuhani, wafalme na manabii walipakwa mafuta kwa sababu gani, na kazi hizo tatu zimetimizwaje na Bwana Yesu?

2. Ni tofauti gani iliyopo kati ya nguvu na mamlaka? Toeni mfano kutoka kijijini kwenu.

3. Kwa nini waandishi wa Kapernaumu walisema kweli, na bado walikosa?

4. Mtu akija kwenu akiahidi kinga au uponyaji kwa fedha, mtamwuliza maswali gani kabla ya kumfuata?

5. Katika usharika wenu yuko nani aliyefiwa ambaye amejibiwa upesi mno? Nani atakwenda kwake juma hili?

Bwana wa uzima na awabariki, na awalinde ninyi nyote, wa milimani na wa ziwani. Amina.